Shoka la Mpiganaji Mzee: Kumbukumbu ya Vita vya Kagera katika Makaburi ya Kaboya, Muleba

Insha hii inachunguza namna taifa linavyowaenzi wapiganaji wa Vita vya Kagera (1978–1979) katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Hoja kuu ni kwamba maadhimisho hayo yanawaheshimu waliokufa, ilhali waliosalia wanaonekana bila kusikika.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, kisha daraja la Kyaka likabomolewa. Muleba, iliyo kusini zaidi, haikutekwa. Ardhi yake ndiyo iliyopokea miili ya askari. Jeshi la Wananchi liliongezewa nguvu na wanamgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza, hadi Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979.

Siku ya Mashujaa huadhimishwa tarehe 25 Julai. Mwaka 2013 Rais Jakaya Kikwete aliiongoza Kaboya. Kwa desturi ya siku hiyo, Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wazee shoka. Silaha hizo si za 1978. Zinamuunganisha shujaa wa vita vyote katika sura moja, na hiyo ndiyo nguvu ya ibada hii. Lakini sura hiyo moja inafifisha tofauti kati ya askari wa kudumu na mwanamgambo aliyeacha jembe, akapigana, akalirudia jembe lake. Huyu wa pili hakuwa mstaafu wa jeshi, na ni rahisi kumsahau.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza alitimiza 60 mwaka 2018. Muda wa kumsikiliza unayoyoma. Hapa vyuo vina wajibu ambao mnara hauwezi kuubeba. Hafla ya chuo inayoishia kwenye makofi na vyeti itarudia kasoro ileile. Inayofaa ni ile inayomkalisha mzee wa Ngenge au Kyaka mbele ya wanafunzi, asimulie kwa Kihaya au Kiswahili, aulizwe maswali, na maneno yake yahifadhiwe. Shoka limekwisha kuwekwa mnarani. Aliyeliweka bado hajahojiwa.