Tororo Ilipata Reli, Busia Ikapata Mpaka

Mwaka 1892 Kapteni James Macdonald alipomaliza kupima njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani, mstari wake uliishia Port Victoria, mji mdogo wa wavuvi ulioko leo Budalang'i, kaunti ya Busia. Kama mambo yangekwenda hivyo, huenda leo Port Victoria ingekuwa ndiyo Kisumu. Lakini wahandisi waliomfuata walipata njia fupi zaidi ya kushuka kutoka Mau, na Desemba 1901 reli ikafika Kisumu. Busia ikawa imeikosa reli kwa mara ya kwanza.

Wakati huo Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda. Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hadi Naivasha, kisha Aprili 1902 likahamishiwa upande wa Kenya ya leo. Kwa hiyo Reli ya Uganda ilifika Uganda kweli. Ni Uganda iliyoondoka miezi minne baadaye.

Habari hizi zina maana zaidi ukizisikia ukiwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Familia nyingi za magharibi mwa Kenya huijua Uganda kwa soko la Busia tu: huvuka asubuhi, hununua ndizi na vitenge, hubadilisha hela, jioni wako nyumbani. Wanaosafiri mbali hupita moja kwa moja kwenda Jinja na Kampala. Sisi, likizo ya shule ilipofika, tulivuka na watoto tukashika njia ya kaskazini hadi Tororo, tukalala huko mwisho wa wiki. Ni mwendo usiofika saa moja. Mwamba wa Tororo huuona mapema sana: jiwe la volkeno ya kale iliyokwisha kulika, limesimama peke yake kwenye tambarare, kilele chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari.

Swali la mwanangu lilikuwa jepesi: mbona stesheni ipo na treni ya watu haipo? Jibu lake linaanzia kwenye pamba.

Mbegu za pamba zilisambazwa Uganda kuanzia 1903, na Teso, Busoga na Bukedi zikageuka mashamba ya zao hilo. Shida ilikuwa kulifikisha baharini. Robota la pamba la Teso lilisafirishwa kwa meli katika ziwa Kyoga hadi Namasagali, likapakiwa kwenye treni fupi ya Busoga iliyofunguliwa 1912, likashushwa Jinja, likapandishwa meli nyingine kuvuka ziwa Viktoria, likashushwa tena Kisumu, ndipo likapanda treni ya Mombasa. Kila lilipopakiwa na kupakuliwa palikuwa na ujira wa kulipa, na palikuwa na mvua.

Serikali ya kikoloni ikaamua reli ifike Uganda kwa nchi kavu. Lakini ipite wapi? Ingeweza kupitia Nyanza na Mumias, kwenye watu wengi na mashamba madogo ya Waafrika. Badala yake ilitokea Nakuru ikapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ikaingia Uasin Gishu kwenye mashamba ya walowezi na kufika Eldoret mwaka 1924. Wapo waliopinga hata wakati huo. McGregor Ross, aliyewahi kuongoza idara ya ujenzi ya Kenya, aliandika kwa hasira jinsi njia ilivyopindwa ili iwafae walowezi. Nadhani alisema kweli, na bei ya kupanda mlima ule imelipwa kwa mafuta na makaa hadi leo.

Hiyo ndiyo mara ya pili Busia kukosa. Reli ilivuka mpaka Malaba, ikaingia Tororo, na mwaka 1928 ikaungana na ile ya Busoga huko Mbulamuti. Mwaka uliofuata tawi la kaskazini, kupitia Mbale, likafika Soroti. Mwaka 1931 treni ilifika Kampala. Tawi jingine lililotoka Kisumu kupitia Luanda na Yala liliishia Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930, halikufika hata Mumias, sembuse Busia. Mara ya tatu hiyo.

Tororo basi ikawa makutano. Ukipanda mwamba kwa ngazi za chuma zilizofungwa jiweni (watoto hupanda bila woga, wazazi ndio hushika vyuma kwa mikono miwili), utaiona reli ikigawanyika chini yako, moja ikielekea Mbale na mlima Masaba, nyingine magharibi. Utaona pia kiwanda cha saruji, kilichoanzishwa miaka ya 1950 wakati Uganda ilipokuwa ikijenga bwawa la Owen Falls, na vilima vya Sukulu vyenye fosfati. Panda asubuhi. Kati ya 1967 na 1976 Tororo ilirekodi wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na ngurumo hupenda kuja mchana.

Enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, karani au fundi wa Kenya angeweza kuhamishiwa Uganda na familia yake ikaishi landhi, nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Kiswahili kilikuwa na nafasi yake huko. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, maduka yakafungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mabehewa na injini vikagawanywa, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli za nchi zote mbili mwaka 2006 na kunyang'anywa kuanzia 2017. Treni za mizigo bado hupita Tororo. Abiria hawana.

Busia nayo, iliyonyimwa reli, ilijijenga kwa barabara. Malori yalipanga foleni, na vijana wa baiskeli wakaanza kuwavusha watu kati ya vituo viwili vya forodha. Hapo na Malaba ndipo bodaboda ilipozaliwa. Tangu 2014 Mkenya huvuka kwa kitambulisho tu, na kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi 2018. Kwa mapato ya biashara, sidhani kama Busia ina sababu ya kuionea wivu Tororo.

Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Makontena yamekwisha kupigiwa hesabu. Ombi letu kwa wizara za uchukuzi za Kampala na Nairobi ni dogo: wekeni pia treni ya abiria isimamayo Tororo, yenye nauli ambayo familia ya Butere au Mbale inaweza kuimudu.