Nyumba za Jangwa la Kubuni: Kutoka Djerba hadi Meza ya Mchezo wa Vita

Wanaocheza michezo ya vita ya mezani, ile ya sanamu za askari zenye kimo cha milimita 28 hivi, wanapenda sana miji ya jangwani ya sayari za mbali. Karibu yote ina sura moja. Kuta ni nene na za rangi ya mchanga, paa lina kuba, mlango ni mmoja wa chuma, na pembeni limechomoza bomba au antena. Mwenye meza atakuambia kwamba hapo ni miaka elfu arobaini ijayo, au ni sayari yenye majua mawili. Mimi nikiitazama meza hiyo naona kusini mwa Tunisia. Nyumba za Waamazigh wa milimani na misikiti ya kisiwa cha Djerba ziliingia kwanza kwenye filamu, kisha zikashuka mezani kwa gundi na kadibodi. Katika safari hiyo umbo lilihifadhiwa vizuri, ila sababu za umbo zilidondoka njiani, na ndiyo maana nyingi ya nyumba hizi hazimshawishi mtazamaji.

Tuanze na meza yenyewe. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza ya mbao yenye vipande vya ardhi vilivyotengenezwa na kupakwa rangi. Kulikuwa na mto, barabara na kijiji, na vyote viliweza kupangwa upya kwa kila mchezo. Mwanawe, ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni bora zaidi mwaka 1824, na jeshi likazitumia kufundishia maofisa. Lakini huyo mwana aliacha vipande vya ardhi akatumia ramani, na kwa muda mrefu mchezo ukabaki jambo la karatasi.

Aliyeurudisha kwenye vitu vya kushikika ni Mwingereza H. G. Wells, kwa vitabu vyake Floor Games cha mwaka 1911 na Little Wars cha mwaka 1913. Milima aliifanya kwa majuzuu ya ensaiklopidia, miti kwa vijiti vya bustanini, majumba kwa vipande vya mbao vya kuchezea watoto. Inachekesha kidogo kwamba mtu aliyekwisha kuishambulia London kwa viumbe wa Mars katika riwaya yake ya mwaka 1898 alipopiga magoti sakafuni alipigana kwa askari wa kawaida wa risasi na mizinga ya chemchemi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchezo ulipanuka, na kitabu cha Donald Featherstone cha mwaka 1962, War Games, kikawafundisha wengi. Bado vita vilikuwa vya Napoleon na vya Warumi. Jangwa la kubuni lilikuwapo vitabuni tu, hasa katika Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965.

Machi 1976 George Lucas alipeleka kikosi chake Tunisia kupiga picha za Star Wars. Mbunifu wa mandhari alikuwa John Barry. Hawakulazimika kujenga mji mzima, maana waliukuta umesimama. Huko Matmata watu walichimba shimo pana lenye kina cha mita kadhaa, wakalifanya ua, kisha wakachonga vyumba kwenye kuta zake. Joto la kiangazi haliwafikii sana huko chini, wala baridi ya usiku wa jangwani. Hoteli Sidi Driss, yenye mashimo ya aina hiyo, ikawa nyumba ya ndani ya familia ya Luke Skywalker, shujaa wa filamu. Nje yake, lile kuba jeupe lililo peke yake kwenye uwanda, ilijengwa kando ya ziwa la chumvi la Chott el Djerid. Mlango wa kilabu cha pombe maarufu ulipigwa picha Ajim, bandari ndogo ya Djerba, na karibu na hapo msikiti wa Sidi Jemour ukaingia kwenye filamu bila kuongezewa mengi. Hata jina la sayari, Tatooine, limetoka kwenye mji wa Tataouine.

Djerba inastahili tuitazame kwa utulivu, na msomaji wa pwani yetu ana sababu zaidi ya wengine. Kwa karne nyingi kisiwa hicho kimekuwa ngome ya Waibadhi, madhehebu ileile ya watawala wa Oman na Zanzibar. Waibadhi wa Maghribi na wa Unguja walijuana. Matbaa ya Sultani Barghash ilichapa tafsiri ya Qurani ya Muhammad Atfayyish, mwanachuoni wa bonde la Mzab nchini Algeria, mwishoni mwa karne ya 19. Misikiti yao inajulikana kwa kukataa mapambo. Msikiti wa Djerba una kuta nene zilizopakwa chokaa, madirisha machache na madogo, na mara nyingi nguzo kubwa za nje zinazoegemea ukuta kuushikilia. Ule wa Fadhloun umejengwa kama boma, kwa kuwa watu wa kisiwa walihitaji pa kujihami dhidi ya wavamizi waliotoka baharini. Maji matamu ni adimu huko, kwa hiyo paa na ua vimeinamishwa ili mvua yote iteremke kwenye birika la chini ya ardhi. Chokaa inayoyapa majengo ule weupe huutunza pia usafi wa maji hayo. Hakuna mstari katika jengo hilo uliochorwa kwa ajili ya urembo, na bado ni miongoni mwa majengo mazuri kuliko yote niyajuayo.

Upande wa bara, kuelekea Tataouine, kuna ksar. Hizi ni ghala za pamoja za nafaka, zilizofanywa kwa vyumba virefu vyembamba viitwavyo ghorfa, vyenye dari la tao, vilivyopandana mpaka ngazi nne kuzunguka uwanja. Pale Ksar Ouled Soltane vidato vyembamba vinapanda ukutani mpaka kwenye milango ya juu. Tao lilikuwa jibu la ukosefu wa mbao: mwashi asiye na boriti ndefu hufunika chumba kwa mawe na jasi. Lucas aliporudi Tunisia mwaka 1997 kwa ajili ya The Phantom Menace, makao ya watumwa yalipigwa picha kwenye ghorfa za Ksar Hadada na Medenine.

Safari hiyo ya pili iliacha kitu cha ajabu. Karibu na Nefta, jirani na Ong Jemel, ulijengwa mji mzima wa kuigiza, Mos Espa, kwa kiunzi cha mbao, wavu wa kuku na plasta. Mbinu hiyo ndiyo ya mjenzi wa mezani, ila kwa ukubwa wa mtu. Na vile vikorokoro vya mitambo vinavyotokeza ukutani vina historia yao. Kwenye filamu ya kwanza Roger Christian, mpambaji wa seti, alinunua vyuma chakavu vya ndege, akavikata na kuvipachika kila mahali ili dunia ya kubuni ionekane imetumika na kuchakaa. Kazi hiyo ilimpa Oscar pamoja na Barry na wenzao. Kwa hiyo mapishi ya nyumba ya jangwa la kubuni yalikamilika mwaka 1977: mwili wa Djerba, vipuli vya jalala la ndege.

Mezani mapishi hayo yaliangukia mikononi mwa watu wasio na fedha nyingi. Kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilitoa Warhammer 40,000 mwaka 1987, kanuni zikiwa za Rick Priestley. Zamani zile majengo ya plastiki ya kununua yalikuwa haba, na gazeti la kampuni hiyo lenyewe likawahimiza wasomaji waokote takataka za nyumbani. Makala yake moja iliyoonyesha namna ya kuunda kifaru kinachoelea kwa kopo la deodoranti inakumbukwa mpaka leo. Mwaka 1996 wakatoa kitabu kizima cha kutengeneza mandhari, na mwaka uliofuata ukaja Gorkamorka, mchezo unaopiganwa kwenye sayari ya jangwa ambako kila kitu kimeundwa kwa chuma chakavu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi bora cha ufundi huu. Mkebe ulikuwa mnara, kofia ya chupa ilikuwa mlango wa tangi, na hakuna meza mbili zilizofanana.

Sasa tuone kazi yenyewe kwa karibu. Kwa askari wa milimita 28, wengi hukadiria kipimo cha 1 kwa 56. Mlango wa mita mbili huwa milimita 36 hivi. Kosa la kawaida la wanaoanza liko kwenye ukuta: hutumia ubao wa foamu wa milimita 5, ambao kwa kipimo hicho ni ukuta wa sentimita 28. Nyumba hutoka nyepesi kama kontena, hata ukiipaka rangi nzuri namna gani. Ukichukua foamu ngumu ya milimita 10 unapata ukuta wa sentimita 56, na hapo dirisha linazama ndani, kivuli kinatulia kwenye kingo zake, na jicho linaamini kwamba ndani kuna baridi. Ukuta uwe mpana chini na uchongwe kwa msasa upungue kidogo kuelekea juu. Pembe kali zivunjwe, kwa kuwa lipu ya mkono haitoi pembe ya rula.

Kuba ni rahisi kuliko linavyoonekana. Mpira wa tenisi ya meza una kipenyo cha milimita 40 tangu shirikisho la mchezo huo lilipoukuza mwaka 2000. Ukikatwa nusu unatoa kuba la zaidi kidogo ya mita mbili, saizi inayofaa kabisa msikiti mdogo wa kisiwani. Gogo la karatasi ya chooni likipasuliwa kwa urefu linatoa matao mawili yenye upana unaokaribia wa ghorfa halisi, na ukiyapandanisha ngazi tatu umepata ksar. Juu yake unapaka mchanganyiko wa jasi ya kuzibia kuta, gundi nyeupe ya mbao na mchanga uliochekechwa, kwa kidole, bila kusawazisha mno. Usipulizie rangi ya kopo kwenye foamu iliyo wazi, maana kiyeyusho chake kinaila. Rangi ya kwanza iwe ya udongo uliokoza, kisha upitishe rangi hafifu kwa brashi kavu ili ishike vilele tu. Mwishowe weka michirizi ya uchafu pale ambapo maji yangepita. Hapo ndipo mwashi wa Djerba anapokusaidia: ukijua paa limeinamia birika, unajua michirizi ianzie wapi na bomba likae upande gani. Asiyejua hilo hutapanya mabomba popote, na meza nzima huonekana kama duka la vipuri.

Tangu miaka ya 2010 hali imebadilika. Majengo ya mbao za MDF zilizokatwa kwa leza yakauzwa kwa bei ya kawaida, mashine za kuchapisha vitu vya plastiki zikaingia majumbani, na mchezo wa Star Wars: Legion wa mwaka 2018 ukaongeza kiu ya nyumba za Tatooine. Siwalaumu wanaonunua, maana muda ni mali. Lakini leza hupenda ubao bapa na pembe mraba, na hivyo viwili ndivyo ambavyo usanifu wa Djerba hauna. Nyingi ya nyumba hizo zinahitaji lipu ya mkono kabla hazijafanana na kitu kilichosimama juani.

Huko Tunisia, Mos Espa ya plasta imekuwa ikifukiwa. Watafiti waliopima tuta la mchanga jirani na seti hiyo walieleza mwaka 2013 kwamba linasogea takriban mita 15 kwa mwaka. Mwaka 2023, Djerba ilipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, maduka ya michezo yalikuwa bado yakiuza nyumba zake kama nyumba za sayari nyingine. Basi wewe unayetaka kujenga, tazama kwanza picha za msikiti wa Fadhloun na za Ksar Ouled Soltane, ndipo ufungue filamu. Na meza ikikamilika, wageni wakiuliza umeitoa wapi sura hiyo, wataje waashi wa Djerba na Tataouine kabla ya kumtaja Lucas.