Njia ya Uganda na Mnyama Aliyekubali Nira

Katika historia ya usafiri wa eneo la Busia na Malaba, farasi ana nafasi ndogo mno, na kilichomzuia ni maradhi zaidi ya umbali. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani, ikapumzika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na kuendelea Busoga, ambako Askofu James Hannington aliuawa mwezi Oktoba 1885, ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Farasi aliyeletwa kutoka nje alikabiliwa na nagana, yaani maradhi ya vimelea vya damu yanayoenezwa na mbung'o, pamoja na tauni ya farasi, ambayo husababishwa na virusi vinavyosambazwa na visubi, na huweza kumwua kwa siku chache.

Punda milia huambukizwa virusi hivyo bila kudhurika sana, ndiyo maana afisa wa kikoloni wa Uingereza Frederick Lugard, katika kitabu chake cha 1893, alipendekeza afugwe kwa ajili ya kazi. Huko London, tajiri Walter Rothschild aliwafunga punda milia kwenye gari nao wakalivuta. Hata hivyo, kumzoesha mnyama mmoja si sawa na kuifuga jamii yake nzima: punda milia, aliyeishi na simba vizazi kwa vizazi, hushtuka upesi, hupiga mateke na huuma kwa ukali, hivyo mpango huo haukupata kuwa usafiri wa kutegemewa.

Barabara ya Sclater, iliyoitwa kwa jina la kapteni aliyesimamia ujenzi wake kuanzia 1895 na iliyoelekea mpaka wa Busia kupitia Mumias, ilitumiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo mingi ilihamia huko, lakini ng'ombe wa kazi alipata makao mapya shambani. Plau ya kukokotwa ilianza kutumika Kumi, upande wa Uganda, mnamo 1910, sambamba na kilimo cha pamba, kisha ikaenea pia miongoni mwa Wateso wa upande wa Kenya, kuanzia Moding hadi Amukura, ambao ni ndugu wa wale wa Uganda waliotenganishwa nao na mpaka wa kikoloni.

Kumfundisha maksai, yaani dume aliyehasiwa, ni kazi ya subira inayostahili kuelezwa kwa kina. Dume mchanga mwenye nguvu za kutosha hufungwa kamba pembeni, akazoeshwa kushikwa na kuongozwa, ndipo shingo yake ikawekwa chini ya nira, mti unaowaunganisha wanyama wawili, sambamba na maksai mzee aliyekwisha kuizoea kazi. Jozi hiyo hukokota gogo kwanza, kwa kuwa gogo halivunjiki mnyama anaporuka, na mgeni anapolala chini kwa ukaidi, mwenzake husimama akingoja. Mtoto hutangulia na kamba, mtu mzima hufuata nyuma akiwaita wanyama kwa majina, mpaka wajue kugeuka mwisho wa tuta kwa sauti peke yake. Fimbo ikitangulia sauti, mnyama hujifunza hofu kabla ya kazi, na mnyama mwenye hofu hafuati mstari ulionyooka.

Mwanahistoria wa njia ya Uganda anayemtaja Sclater hana budi kumtaja pia mfunzaji huyo wa maksai, kwa sababu ndiye aliyewezesha familia ya Kiteso kulima pamba na wimbi kwenye eneo ambalo jembe la mkono lisingelimaliza kabla ya mvua kupita.