Derogesheni: haki inapokiukwa kwa ruhusa ya sheria

Ibara ya 31 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ina kichwa kinachomshtua msomaji: "Ukiukaji wa haki na uhuru." Aliyezoea taarifa za habari atadhani hapo pamepangwa adhabu za wanaokiuka haki za wenzao. Akiendelea kusoma atakuta mambo ni kinyume. Ibara hiyo inaeleza ni lini sheria ya Bunge inaweza kuruhusu hatua zinazokiuka Ibara ya 14, yenye haki ya kuwa hai, na Ibara ya 15, yenye uhuru wa mtu binafsi, na sheria hiyo isihesabiwe kuwa haramu. Ibara ya 32, inayofuata, inampa Rais madaraka ya kutangaza hali ya hatari, na sababu ya kwanza inayotajwa humo ni vita.

Jambo hilo wanasheria wa haki za binadamu wanaliita kwa neno lenye asili ya Kilatini, ambalo kwa matamshi yetu tunaweza kuliandika derogesheni. Warumi walikuwa na vitenzi viwili vya kuondoa sheria. Abrogare ni kuitangua yote. Derogare ni kuinyofoa sehemu na kuiacha iliyobaki ikiendelea kufanya kazi. Maana hiyo ya kunyofoa ndiyo iliyorithiwa na mikataba ya haki za binadamu baada ya Vita Kuu ya Pili, isipokuwa kwamba sasa kinachonyofolewa ni wajibu ambao dola ilijitwika mbele ya dola nyingine na mbele ya raia wake.

Derogesheni isichanganywe na mipaka ya kawaida ya haki. Mipaka ipo kila siku, hata pasipo na fununu ya vita: uhuru wa kusema haukupi ruhusa ya kumkashifu jirani, na nyumba yako inaweza kupekuliwa kwa hati ya hakimu. Mambo hayo yako katika Ibara ya 30. Derogesheni ni nzito kuliko hapo. Dola inasema waziwazi kwamba kwa kipindi hiki haitatimiza wajibu fulani, na inataka isihukumiwe kwa kutoutimiza.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unaikubali kauli hiyo katika Ibara yake ya 4, lakini kwa masharti makali. Lazima kuwe na dharura inayotishia uhai wa taifa, nayo iwe imetangazwa rasmi. Hatua zisizidi kile ambacho hali inalazimisha, na zisiwabague watu kwa rangi, jinsia, lugha, dini au asili yao. Nchi nyingine wanachama ziarifiwe, kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ni vifungu gani vimewekwa kando na kwa nini. Tena ziko haki zisizoguswa hata mji mkuu ukiwa unalipuliwa: haki ya kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutohukumiwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa lilipotendwa, kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria, uhuru wa dhamiri, na kutofungwa kwa sababu tu umeshindwa kutimiza mkataba. Ukraine ilipovamiwa na Urusi tarehe 24 Februari 2022 ilitangaza sheria ya kijeshi siku hiyohiyo, ikawazuia wanaume wengi wa miaka 18 hadi 60 kutoka nchini, kisha ikapeleka taarifa zake za derogesheni Umoja wa Mataifa na Baraza la Ulaya. Unaweza kuzipinga hatua zenyewe, lakini karatasi zipo na yeyote anaweza kuzisoma.

Turudi kwenye neno la Katiba yetu. Je, walioandika sura ya haki za binadamu mwaka 1984 waliteleza? Nadhani hapana. Kukiuka, kwa maana yake kongwe, ni kuvuka juu ya kitu, kama mtu anavyoinua mguu akalipita gogo lililolala njiani. Gogo linabaki pale pale, zima. Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 30, inapomzungumzia mwananchi anayekwenda Mahakama Kuu kulalamika, haisemi sharti limekiukwa. Inasema limevunjwa, linavunjwa au inaelekea litavunjwa. Kwa hiyo waandishi walikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili: kuvunja ni kosa, kukiuka ni kupita juu kwa idhini.

Tofauti hiyo ni nzuri, lakini lugha haikuisubiri Katiba. Leo "ukiukaji wa haki za binadamu" ndiyo kauli ya kila redio na kila ripoti, na maana yake ni uvunjaji tu, wa kulaaniwa. Mwanafunzi wa sheria anayefundishwa kwamba kuna ukiukaji halali na ukiukaji haramu atatoka darasani amevurugikiwa, na sitamlaumu. Istilahi iliyopoteza mpaka wake na jirani yake haifai tena, hata kama ilizaliwa vizuri.

Kabla ya kutafuta nyingine, tuitazame derogesheni ikiwa kazini mahali ambapo Kiswahili kilikuwepo kuipa jina. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alitangaza Hali ya Hatari, na kabla ya jua kuchomoza Jomo Kenyatta na viongozi wengine walikuwa wamekamatwa. Nguvu ya tangazo lile ilitoka katika amri ya kifalme ya mwaka 1939 kuhusu madaraka ya dharura, mwaka ambao Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Chombo kilichochongwa kwa ajili ya vita vya Ulaya kikatumika dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, na dhidi ya watu wengi ambao hawakuwahi kushika hata panga.

Kilichofuata kinajulikana katika kila kijiji cha Kenya ya kati. Kanuni za Hali ya Hatari zilimruhusu Gavana kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu. Wenyeji wanakumbuka kitu kimoja kuliko vyote katika michujo ya miaka ile: mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akitikisa kichwa kuamua nani aende kambini. Wakikuyu walimwita gakunia. Kutoka mchujo watu walipelekwa Manyani, Mackinnon Road na kwingineko, na mashambani zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi. Kula kiapo kulifungisha, kulisha kiapo na kumiliki risasi kulinyongesha. Walionyongwa walizidi 1,000.

Sasa angalia upande wa karatasi. Uingereza ilikuwa mstari wa mbele katika kuuandaa Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na Oktoba 1953 iliutandaza mkataba huo hadi kwenye makoloni yake mengi, Kenya ikiwemo. Yaani mtu aliyekuwa amefungwa Manyani alikuwa, kwa maandishi, na haki zilezile za mtu wa Strasbourg. Mei 1954, mwezi mmoja baada ya Anvil, serikali ya London ilipeleka taarifa ya derogesheni kuhusu Kenya na maeneo mengine, Buganda likiwa mojawapo, ambako Kabaka Mutesa II alikuwa ameondolewa na kupelekwa uhamishoni. Watu walikuwa kizuizini tangu Oktoba 1952. Tangazo lilisikika Nairobi, lakini taarifa kwa mataifa ilisubiri.

Na hata baada ya taarifa, kuna mlango ambao haukupaswa kufunguka. Ibara ya 15 ya mkataba ule wa Ulaya, inayoruhusu derogesheni, inakataza isiguse marufuku ya mateso. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa huko Hola walipigwa na askari wa kambi hadi 11 wakafa. Maelezo ya kwanza ya serikali yalidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hakuna derogesheni iliyoweza kuhalalisha kipigo kile, lakini wafungwa hawakuwa na pa kulalamikia, kwa kuwa Uingereza haikukubali malalamiko ya mtu binafsi mbele ya vyombo vya mkataba huo huko Strasbourg hadi mwaka 1966. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akaeleza kusikitishwa na mateso yale, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Wakenya walioishi miaka hiyo hawakuhitaji neno derogesheni. Walikuwa na "Hali ya Hatari" na "kizuizini", na maneno hayo mawili yalibeba mzigo wote. Ila yanaeleza mazingira na matokeo tu. Tendo lenyewe la dola kuuweka wajibu wake kando halimo.

Wapo wanaopendekeza "kusitisha haki". Inasomeka vyema, ila inadanganya mara mbili. Inadokeza kwamba haki yote imezimwa, ilhali derogesheni hunyofoa sehemu tu. Tena inaficha mtendaji: haki inasitishwa, na nani hatuambiwi. "Kupunguza haki" imekaribia Kilatini, lakini nayo imechukuliwa na mipaka ya kawaida. Mimi ningesema "kujivua wajibu kwa muda". Kiswahili kinasema mtu amejivua uanachama, amejivua madaraka, na kila asikiaye anajua aliyevua ni nani na alichovaa awali ni nini. Nakubali kwamba nomino yake, ujivuaji wajibu, si tamu mdomoni. Lakini "derogation" si tamu pia.

Kuna maneno mawili mengine yanayochanganywa karibu na hapa, hatari na dharura. Katiba ya Tanzania imechagua hali ya hatari, huku vyombo vya habari vikipendelea hali ya dharura, na wengi huyatumia kama pacha. Mimi naipenda dharura kwa sababu ambayo mwanafunzi yeyote wa chuo cha Lamu au Unguja ataieleza vizuri kuliko mimi. Katika fikihi dharura ni ile hali inayohalalisha kilichokatazwa: aliyekaribia kufa njaa aweza kula nyamafu. Kanuni hiyo ina mwenzake asiyeachana naye, kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Ale cha kumwokoa, asile akashiba na kufungasha. Masharti ya Ibara ya 4 ya mkataba wa 1966 yamo humo karibu yote. Hatari inakwambia tu kwamba kuna kitu cha kuogopa.

Wakongo wana njia yao. Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi aliziweka Ituri na Kivu ya Kaskazini chini ya kile ambacho Kifaransa kinakiita "état de siège". Magavana wa kiraia wakaondoka, wakaingia wa kijeshi, na kesi za jinai zikahamia mahakama za kijeshi. Neno hilo kwa asili ni la ngome: sheria ya Ufaransa ya mwaka 1791 ilitofautisha mji wenye ngome ulio katika amani, ulio vitani, na uliozingirwa na adui. Kulitafsiri "hali ya dharura" kunapoteza habari muhimu, kwamba askari ndiye mwenye mji. Hapo ningeandika "utawala wa kijeshi wa dharura", kwa sababu mtu wa Goma au Bunia alihitaji kujua nani anamhukumu. Siku 30 za mwanzo zilifuatwa na nyongeza za siku 15, na 15 nyingine, hadi hesabu ikageuka miaka.

Maneno "kwa muda" ndiyo yanayosumbua kila mahali. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 baada ya uhuru, serikali mpya ya Kenya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki kwa ajili ya vita vya Shifta. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilitia saini mapatano Arusha. Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1991. Katika pengo hilo ndipo yalipotokea mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010 imelibana tangazo hilo lidumu siku 14 tu bila idhini ya Bunge la Taifa, ikataka theluthi mbili ya wabunge wote kuliongeza mara ya kwanza na robo tatu kwa mara zinazofuata, na ikaipa Mahakama ya Juu uwezo wa kulipima.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, hauna kifungu cha derogesheni kabisa. Chad ilipojitetea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Tume ya Afrika ilijibu mwaka 1995 kwamba mkataba hauziruhusu nchi kujivua wajibu hata vitani. Mfasiri wa mkataba huo amepumzishwa kazi moja.

Wa Katiba ya Tanzania hajapumzika. Ibara ya 31 haitaji hali ya hatari peke yake. Inataja pia hali ya kawaida, kwa watu wanaoaminika kuhatarisha usalama wa taifa, na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 inaishi katika nafasi hiyo: Rais anaweza kumzuia mtu pasipo vita wala tangazo lolote. Kuna sharti la kutozidi kiasi kilicho lazima, lakini hakuna siku ya kuanza wala ya kuisha, na hakuna Bunge la kuitwa ndani ya siku 14 kama Ibara ya 32 inavyotaka. "Kujivua wajibu kwa muda" hakuingii hapo, kwa kuwa muda haupo. Kwa nusu hiyo ya ibara, nimeshindwa kupata neno linaloieleza kwa usahihi kuliko lile walilolichagua wao mwaka 1984, kwa maana yake ya leo.