Upepo wa Matairi na Ajali ya Jeddah ya 1991

Saa 2:28 asubuhi ya tarehe 11 Julai 1991, ndege aina ya DC-8-61 iliruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah, ikiwarudisha Sokoto mahujaji wa Nigeria waliokuwa wamemaliza ibada. Ilikuwa ndege ya Nationair, kampuni ya Kanada, iliyokuwa ikifanya safari hiyo kwa niaba ya Nigeria Airways. Ndani mlikuwa na abiria 247 na wafanyakazi 14. Kabla ya saa 2:40 wote 261 walikuwa wamefariki. Hapakuwa na dhoruba, injini hazikuwa na hitilafu, wala hapakuwa na mgongano na ndege nyingine. Chanzo kilikuwa matairi yaliyopungua upepo.

Chini ya kila bawa la DC-8 kuna fremu yenye ekseli mbili, na kila ekseli ina magurudumu mawili yanayogawana uzito. Tairi moja likipungua upepo, mzigo wake humwelemea mwenzake, kama watu wawili waliobeba mtungi mzito kwa mti mmoja, mmoja wao akilegea. Hatari ni kwamba jicho halitambui. Lile lililolegea huinuliwa na jirani yake, na kwa mtazamaji yote mawili yamesimama sawa. Kwa hiyo fundi wa ndege haamini macho yake wala teke la kiatu, bali kipimo cha upepo, tena kwenye tairi lililopoa, kwa sababu joto hupandisha shinikizo na kuuficha upungufu. Hata tairi zima hupoteza upepo kidogo kila siku.

Tairi lenye upepo mdogo huharibiwa na joto lake lenyewe. Kila linapozunguka, kuta zake hukunjika na kunyooka, na huko kukunjika ndiko kunakozaa joto linalotenganisha mpira na nyuzi za ndani. Ndege iliyojaa abiria na mafuta, ikitambaa mwendo mrefu juu ya lami ya nchi ya joto, yaweza kumaliza tairi kabla haijafika mwanzo wa njia ya kurukia.

Somo jingine kuhusu matairi lilikuwa limekwisha kutolewa miaka mitano kabla. Tarehe 31 Machi 1986, Boeing 727 ya Mexicana iliyotoka Mexico City ilianguka milimani na kuua watu 167. Breki ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na tairi lililojazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni likapasuka likiwa ndani ya ndege, ambayo tayari ilikuwa angani. Hewa ya kawaida ina oksijeni, na oksijeni hulisha moto, naitrojeni hailishi. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza naitrojeni itumike katika magurudumu yenye breki ya ndege kubwa.

Huko Jeddah, cha ajabu ni kwamba kasoro ilionekana. Fundi kiongozi wa Nationair alibaini kwamba matairi namba 2 na namba 4 yalikuwa chini ya kiwango kinachoruhusu ndege kuruka. Alitaka kuyajaza, lakini naitrojeni haikupatikana kwa urahisi. Meneja aliyesimamia kazi hiyo ya mahujaji hakutaka safari icheleweshwe, na ndege ikaruhusiwa kuondoka jinsi ilivyokuwa. Ajali hii ilitengenezwa hapo, kwenye maegesho: aliyejua ubovu hakuwa na neno la mwisho, na mwenye neno la mwisho alikuwa akitazama ratiba.

Ndege ilipokuwa ikitambaa, tairi namba 1 lilibeba mzigo wa namba 2 na kudhoofika kwa joto. Mara tu ndege ilipoanza kukimbia lilipasuka, na namba 2 likafuata karibu papo hapo. Gurudumu namba 2 liliacha kuzunguka, kwa sababu ambayo uchunguzi haukuweza kuithibitisha, likaburuzwa juu ya lami hadi msuguano ukawasha moto. Marubani walisikia mtikisiko na kuhisi kwamba huenda tairi limepasuka. Kasi ilikuwa bado ndogo na wangeweza kusimama, lakini tairi lililopasuka halikuhesabiwa kuwa janga, na kwenye magurudumu hapakuwa na kifaa cha kuwaonya kuhusu moto. Waliendelea, wakaruka, wakakunja magurudumu.

Kwa kuyakunja, waliuingiza moto ndani ya ndege. Chumba cha magurudumu kiko chini ya sakafu ya abiria, na mabomba ya haidroliki hupita humo. Ishara zilifika kwa vipande: shinikizo la hewa ndani ya ndege, kisha haidroliki, kisha habari kutoka kwa mhudumu kwamba nyuma kumejaa moshi. Mwongoza ndege naye alichanganya ndege hiyo na ndege ya Saudia iliyokuwa na tatizo la shinikizo wakati huohuo. Moto ulifika kwenye tangi la katikati, mafuta yakauongezea nguvu, na sakafu ikaanza kuliwa. Ilipobaki kama kilomita 18 kufika uwanjani, miili ilianza kudondoka kutoka ndegeni. Ndege ilianguka mita 2,875 kabla ya njia ya kutulia. Hapakufanyika juhudi za kuitambua miili ya abiria mmoja mmoja.

Hakuna ajali ya DC-8 iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo, wala ya kampuni yoyote ya Kanada. Nationair ilifilisika mwaka 1993. Kwa marubani, rai ya kuacha magurudumu yakining'inia nje inaposhukiwa kwamba tairi limepasuka wakati wa kuruka ina uzito usioweza kupuuzwa: moto ulio nje una nafasi ya kuzimika kwa upepo, ulio ndani hauna.

Kosa lenyewe halikukoma. Tarehe 19 Septemba 2008, ndege ndogo ya kukodi aina ya Learjet 60 ilipasukiwa matairi ikikimbia kuruka huko Columbia, South Carolina. Rubani, tofauti na wale wa Jeddah, alifunga breki, lakini alikuwa amekwisha kuvuka kasi ya uamuzi; ndege ikapitiliza mwisho wa njia na kuungua, wakafa watu wanne kati ya sita. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba matairi ya aina ile hupoteza takriban asilimia 2 ya upepo kwa siku, na kwamba ya ndege hiyo yalikuwa hayajapimwa kwa karibu wiki tatu.