Fighi na Msitu wa Mbololo

Msafiri aliyeshuka kituo cha Voi, mahali palipofikiwa na reli katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akainua macho juu ya nyika kavu iliyomzunguka, huuona mlima wa Mbololo umevikwa ukungu ilhali mguuni pake vumbi linatimka. Na ukungu huo, unaoletwa na pepo zitokazo Bahari ya Hindi na kunaswa na majani ya miti mikubwa hadi ukadondoka tone kwa tone, ndio unaozilisha chemchemi za vilima vya Taita. Mto Voi nao chanzo chake ni katika vilima hivyo, kisha huteremka hadi mjini na kuingia mbuga ya Tsavo, ambako ndovu huungojea kama wanadamu wanavyoungoja.

Kwamba msitu ndio uletao maji, Wataita walilielewa kabla ya kufika mtaalamu yeyote. Katika nchi yao palikuwapo vijisitu vitakatifu viitwavyo fighi, vilivyoaminiwa kuwakinga wenyeji na adui na maradhi, na ndani yake ilikuwa haramu kukata mti. Wazee waliokabidhiwa dhamana hiyo hawakupewa mshahara wowote. Ujira wao ulikuwa ni taadhima ya watu na mvua iliyokuja kwa wakati wake. Tena walikuwa na ibada ya kutasa, ambamo mtu hupuliza pombe au maji ya miwa kutoka kinywani mwake huku akiomba amani na kuitoa hasira iliyomo moyoni, kwani kwao aliyeweka kinyongo hakufaa kuwaombea wenzake. Nami naiona hiyo kuwa hekima kubwa, maana mlinzi wa mali ya wote asiyeweza kupatana na jirani yake atalinda nini?

Walakini ulipokuja utawala wa Waingereza, msitu ulibadilika jina, ukawa wa serikali, na kitu cha serikali machoni pa raia mnyonge kilikuwa ni kitu cha mgeni. Watu waliokuwa wameona mashamba yao yakipewa walowezi, kisha wakahimizwa na wakubwa wale wale wahifadhi udongo na wapunguze mifugo, hawakuweza kuyasadiki maneno hayo; na hapo ndipo kilipozuka chama cha Taita Hills Association mwaka 1939, akiwamo Woresha Mengo miongoni mwa viongozi wake, kikapigwa marufuku mwaka 1940. Baadaye misindano na mikaratusi ikapandwa katika vilima vya Taita, ikasimama wima kwa safu, ila chini yake hapakuota vile vilivyokuwa vikiota.

Na vilivyokuwa vikiota havikuwa haba. Edgar Mearns, Mmarekani, alimweleza kitaalamu mwaka 1913 ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na ubavu wa rangi ya kutu, ambaye haonekani popote ulimwenguni isipokuwa katika misitu michache ya Taita, na Mbololo ndiyo makao yake makuu. Liko pia ua dogo la zambarau, liotalo kwenye miamba yenye kivuli, ambalo mwituni halipatikani ila katika mlima huu mmoja.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango uliokuwa umefungwa muda mrefu, kwa kuwaruhusu wakaazi waunde vyama na kushirikiana na serikali katika kuihifadhi misitu. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kufanya vivyo hivyo kwa watumiaji wa mito. Kisha Katiba ya 2010 ikaihesabu misitu ya serikali na mito kuwa ardhi ya umma, ikamwajibisha kila mtu kushiriki katika kuihifadhi. Kwa hiyo mwanamke aoteshaye miche ya kienyeji na kijana akeshaye kuzima moto mlimani, wote wawili bila ya malipo, si wazushi wa jambo geni lililoletwa na wafadhili, bali ni warithi wa wale wazee wa fighi, na tofauti iliyopo ni kwamba wazee walisikilizwa walipokataza.

Nawasihi basi wenye mamlaka wa kaunti na wa Nairobi: likikatwa shauri juu ya mti wowote wa Mbololo, walinzi hawa waitwe barazani na kuulizwa kabla shoka halijainuliwa.