Miaka ya Kuliua Wimbi

Mwenye boti alinitazama kama mtu anayemwona mgeni akibisha hodi ukutani badala ya mlangoni. Nilikuwa nimeanzia omo, nikaja taratibu kwa konzi kuelekea tezi, ngo, ngo, ngo, sikio limekaribia ubavu wa chombo. Ilikuwa Aprili, theluji ya mwisho imejificha chini ya trela, nasi tuko uani kwake, kusini mwa jimbo la Minnesota. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nasubiri boti ijibu.

Marehemu baba alikuwa mvuvi Tanga, na maisha yake yote alinunua vyombo vitatu, vyote vilivyokwishatumika. Hakutoa hata senti kabla hajakigonga chombo chote. Mbao nzima hujibu, alikuwa akisema, iliyooza humeza. Boti ya yule bwana ilijibu vizuri hadi katikati, palipokaa injini. Pale ikameza. Nikaomba spana, nikaitia kwenye boliti inayoshikilia injini. Boliti ikazunguka, ikazunguka tena, haikazi wala hailegei, kama mwiko ndani ya uji. Boti ilikuwa ya faiba, ya miaka ya 1980, nje inang'aa kama sahani ya harusi. Lakini watengenezaji wengi wa siku hizo walilaza mbao ndefu ndani ya faiba, kutoka mbele hadi nyuma, na mbao hizo ndizo zinazobeba injini. Maji yalikuwa yamezifikia zamani, tena kupitia matundu ya boliti zilezile. Nikamshukuru, nikaondoka.

Yote haya aliyaanzisha binti yangu, aliyezaliwa huku na kujifunza kuogelea ziwani, si baharini. Anapenda michezo miwili. Wa kwanza ni wekibodi: unafungwa miguu kwenye ubao mmoja, unashika kamba, boti inakuvuta, unaruka juu ya mawimbi yanayofuata tezi. Wa pili anauita kwa jina ambalo masikioni mwangu husikika kama "wiki safi", na mimi sasa naandika wekisafi. Katika huo boti huenda polepole, wimbi linanyanyuka nyuma yake, na mchezaji akishasimama juu ya ubao anaitupa kamba na kuteleza kwenye wimbi lenyewe, bila kuvutwa na chochote. Boti mpya ya michezo hiyo inapita dola 100,000 bila kutoa jasho. Mimi nilikuwa na dola 9,000, na mke aliyekwishanionya kwamba hakuna ya kuongeza.

Nilipoanza kuzunguka nyua za watu niligundua jambo moja. Boti za bei yangu karibu zote ni za sura moja: fupi, zimekaa chini, injini katikati ndani ya sanduku, watu wanalizunguka kama meza ya chakula. Nyingi zimetunzwa kuliko magari ya wenyewe. Mbona basi ni rahisi? Jibu si ubovu. Jibu ni kwamba zilijengwa ili zisitoe wimbi.

Mwendo wa gari wa saa moja na kidogo kutoka kwangu upo mji mdogo wa Lake City, kando ya Lake Pepin, mahali mto Mississippi unapotanuka ukawa ziwa. Hapo ndipo mwaka 1922 kijana Ralph Samuelson, akiwa na umri wa miaka 18, alipoamua kwamba kama watu wanateleza juu ya theluji, basi na juu ya maji itawezekana. Akajaribu mbao za mapipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, akazama. Akanunua mbao mbili, kila moja ya futi nane, yaani mita mbili na nusu hivi, akazichemsha ncha ndani ya sufuria kubwa ya shaba ya mama yake, akazikunja zikauke zimepinda juu. Kamba yake ilikuwa kamba ya madirisha, na pete ya kushikia alichongewa na mhunzi. Kaka yake Ben akaendesha boti. Kijana akaanguka siku baada ya siku, mpaka Julai 2, kesho yake akitimiza miaka 19, alipogundua kwamba siri ni kulala nyuma na kuziacha ncha zitokeze juu ya maji. Akasimama.

Hakuandikisha hataza. Aliyeandikisha ni mtu mwingine, Fred Waller wa New York, mwaka 1925. Samuelson akaishia kufuga batamzinga, na haki yake ya kuitwa mwanzilishi aliipata mwaka 1966, mzee tayari. Nilisimama kwenye gati la Lake City nikiwaza habari ya ile sufuria. Mama mwenye nyumba yeyote wa kwetu angedai itolewe masizi kabla ya magharibi.

Mchezo ulipokua, ukaja mtindo wa skii moja: mchezaji anakata upande mmoja wa boti hadi mwingine akizunguka maboya sita. Kwa wanaume wa mashindano boti hukimbia kilomita 58 kwa saa. Katika mwendo huo kila akivuka nyuma ya boti anakutana na tuta la maji, na tuta hilo ni kama jiwe. Basi adui akawa wimbi. Mafundi wakaanza kazi ya kuliua.

Huko Florida kulikuwa na karakana ya Correct Craft, iliyoanzishwa na Walter C. Meloon mwaka 1925. Wenyewe husimulia kwamba mwanzoni mwa 1945 jeshi la Marekani liliwaagiza boti 300 za kuvukia mto Rhine, haraka mno, nao wakakubali ila wakakataa kufanya kazi Jumapili. Wakatoa boti 400. Mimi niliyewahi kuvutana na msimamizi mmoja kwa ajili ya Ijumaa yangu, hadithi hiyo naipenda kupita kiasi, nami nakiri hivyo. Mwaka 1961 karakana hiyohiyo ilichukua umbo la boti lililobuniwa na Leo Bentz, mtu wa michezo ya skii huko Florida aliyechoshwa na mawimbi ya boti alizokuwa nazo. Ndiyo ikawa Ski Nautique. Mwaka 1968 huko Tennessee, Rob Shirley, mwenye shule ya skii, alianza kutengeneza boti zake ndani ya banda la farasi kwa sababu ileile, akaiita kampuni MasterCraft.

Ukiziangalia boti hizo kwa jicho la mtu wa vyombo unaona kila kitu kimekwenda upande mmoja. Injini iko katikati ili uzito usikandamize tezi. Tumbo karibu bapa. Rafadha imefichwa chini kabisa ya boti, na chini ya mkuku kuna mapezi ya kuishika isiyumbe mchezaji anapovuta. Chombo chepesi, kimenyooka, kinapita juu ya maji na kuacha mstari mwembamba tu wa povu. Baba angezikubali kwa mwendo, angezidharau kwa mizigo.

Kisha mambo yakageuka, tena yaligeuzwa na watoto wa pwani. Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego, mtu wa mawimbi ya bahari, alitoa ubao aliouita Skurfer, mfupi kuliko wa baharini, wa kuvutwa na boti. Ulikuwa unaelea mno, kuanza nao kulitaka nguvu. Mwaka 1990 Herb O'Brien, mtengenezaji wa skii wa jimbo la Washington, alitoa ubao wa Hyperlite, mwembamba, usioelea sana wala kuzama, ambao hata mwanafunzi angeweza kuubonyeza chini ya maji na kuinuka nao. Mchezo ukalipuka. Na vijana wa mchezo huu hawakutaka maji bapa. Walitaka tuta, kwa sababu tuta ndilo wanalorukia.

Lakini boti zilizokuwapo zilikuwa zile za kuua wimbi. Wakafanya nini? Wakawapanga marafiki wanene nyuma. Wakapakia mifuko ya saruji, mapipa, mwishowe mifuko mikubwa ya plastiki nzito inayojazwa maji ya ziwa kwa pampu, na siku ikiisha unayamwaga. Lita moja ni kilo moja, hesabu haina ugomvi. Kiswahili chetu kina neno lake, farumi: mawe au mchanga unaowekwa ngamani jahazi likiwa tupu, lisipinduke na tanga. Farumi ya baba ilikuwa ya kukituliza chombo. Hawa walitia farumi ili chombo kizame tezi na kuyachafua maji. Nilipoeleweshwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Mwaka 1997 Correct Craft, walewale wa maji bapa, walitoa Super Air Nautique, yenye mnara wa mabomba juu yake ili kamba ifungwe juu na mchezaji avutwe kuelekea angani. Injini ikasogezwa nyuma kabisa, mhimili wake ukakunjwa ili rafadha ibaki chini ya boti. Matangi ya farumi yakajengwa humohumo ndani. Boti za leo hubeba zaidi ya tani moja ya maji. Wekisafi ulipopata wapenzi, boti ikawa inapakiwa upande mmoja hadi ilale kabisa, mpaka mwaka 2012 Malibu walipoweka vibao viwili kwenye tezi, kimoja kinachomoza upande usio wa mchezaji, kinayachelewesha maji ya upande huo, na upande wa pili wimbi linasimama safi huku boti imekaa sawa. Wenye nyumba za ufukweni hawakufurahi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walishauri boti zikiwa kwenye mchezo huo zikae angalau futi 500 kutoka ufukweni, kama mita 150, kwa jinsi mawimbi yake yanavyosafiri mbali yakiwa na nguvu zake.

Basi mtu mwenye dola 9,000 anaangukia pale kwenye kiungo cha historia hiyo. Pesa zake hazifiki kwenye mnara, ila zinatosha boti nzuri ya zama za maji bapa.

Nilipokea vishawishi. Muuzaji mmoja alinionyesha boti pana ya familia, viti vyeupe, bei ya kuvutia, akaapa kwamba inafaa kwa wekisafi. Nikazunguka nyuma. Rafadha ilikuwa imetokeza nje ya tezi, pale pale ambapo mchezaji akianguka mbele anaangukia. Kwa kamba ya mita 20 boti kama hiyo haina neno. Kwa wekisafi, ambapo binti yangu angekuwa mita tatu nyuma yake, ni panga. Mwaka 2015 Volvo Penta walileta aina inayotazama mbele, imejificha chini ya tumbo, lakini hiyo si ya bei yangu. Nyingine ilikuwa na injini nyuma, karibu na ndoto, rahisi kiasi cha kunitia shaka. Niliuliza maji ya injini yalimwagwa wakati wa baridi au hapana. Mwenyewe akatazama miti. Huku maji yaliyosahauliwa ndani ya injini huganda, yanatanuka, yanapasua chuma kizito cha injini kama mtu anavyopasua dafu. Ufa ulikuwapo, umepakwa rangi.

Niliyoinunua ni ya mwaka 1996, injini katikati, mwenyewe mzee mstaafu aliyekuwa bingwa wa maboya sita katika ujana wake. Mbao ndani hamna. Zama hizo waundaji kadhaa walikwishaziacha. Niligonga hata hivyo. Boliti zilikaza. Mzee alinipa daftari lenye tarehe za kila oili aliyobadilisha, na kila kipande cha mpira cha pampu ya maji, ambacho hubadilishwa kila mwaka hata kama kinaonekana kizima. Alinisisitizia jambo moja kwa kidole: hakuna mtu kukaa kwenye kibao cha nyuma injini ikiwaka, kwa sababu moshi hutokea pale chini, una sumu isiyo na harufu, na umekwishaua watu katika maziwa ya nchi hii. Nilimlipa dola 8,500. Zilizobaki zilinunua mifuko miwili ya farumi na pampu.

Jumamosi ya kwanza ya Julai tuliilaza mifuko yote upande wa kushoto, nyuma ya sanduku la injini, nikaijaza maji. Boti ikalala. Mwili wangu wote ulitaka kuhamia kulia kuisawazisha, kama nilivyofanya mara elfu kwenye ngalawa ya baba. Nikajizuia, nikashika usukani, nikatia mwendo wa kilomita 17 kwa saa, si zaidi. Nyuma yetu, upande wa kushoto, maji yaliyokuwa bapa kwa karibu miaka thelathini yakainuka yakafika magotini. Wimbi fupi, chafu kidogo, la boti iliyofundishwa kitu kingine.

Kwenye kioo cha juu nilimwona binti yangu akipiga mguu, akisogea mbele kwenye ubao, kamba ikilegea mkononi mwake. Akaitupa. Ikaja kwa juu, ikaangukia miguuni pangu, imelowa.